Mgeni wa Chumba Namba Kumi na Nne

Kitasa hakikuvunjwa. Sajini Bhoke Mniko alikizungusha mara tatu, akapiga goti kwenye korido akakimulika kwa tochi ya simu, wala hakuona mkwaruzo hata mmoja. Akaguna. Mlango ukivunjwa, polisi ana mji mzima wa Migori wa kumtafutia mwizi. Mlango ukiwa mzima, mwizi alikuwa na ufunguo, na watu wenye funguo, kwa uzoefu wa Bhoke, wote ni waimba kwaya.

"Nilifunga mwenyewe," alisema Filister Achieng. "Nikavuta, nikasukuma, nikavuta tena."

Filister alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu kutoka Sori, kule ziwani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Alifika Migori jana jioni. Leo Jumatano, saa mbili asubuhi, alitoka hotelini kwenda Oruba kwa bintiye Marion, kumwosha mjukuu aliyezaliwa siku kumi na moja zilizopita. Aliporudi saa saba mchana, mfuko wake wa kitambaa aliouacha juu ya kiti haukuwepo.

"Simu?" Bhoke aliuliza.

"Iko."

"Pesa?"

Filister akagusa kifua. "Ziko."

"Sasa kwa huo mfuko kulikuwa na nini?"

"Leso moja. Na karatasi ya shamba."

Bhoke akaacha kuandika. Amefanya kazi hii miaka kumi na mitatu, na hajawahi kusikia kesi iliyoanza na karatasi ya shamba ikaisha vizuri.

Karatasi yenyewe ilikuwa mkataba wa kuuziana shamba, umri wake miaka thelathini na minne. Mnunuzi alikuwa Job, mumewe Filister. Muuzaji alishakufa, mashahidi wawili walishakufa, na Job mwenyewe alikuwa amezikwa katikati ya shamba hilohilo, hatua chache kutoka majini. Sasa Clifford, mtoto wa muuzaji, mwenye biashara ya samaki mjini Homa Bay, alikuwa amekwenda mahakamani kudai kwamba babake aliwaazima tu pa kulima. Filister alipopeleka nakala, hakimu aliikataa. Alitaka ile yenyewe, hapa Migori, Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Alhamisi ni kesho," Bhoke alisema.

"Ni kesho."

"Na ukiikosa?"

"Watang'oa nyumba. Na Job, sijui. Sijui sheria inasema mtu aliyezikwa anahamia wapi."

Bhoke akainama kuangalia sakafu.

* * *

Mochama, mwenye hoteli, hakungoja polisi ili apate mwizi wake. Alikuwa amemfungia msafishaji, Celestine, katika stoo ya mashuka, na ufunguo akautia mfukoni.

"Ndiye aliingia hapo mwisho, madam. Hakuna mwingine," alisema, akipanguza kipara. "Mimi hii hoteli nimeijenga kwa jasho. Sitaki jina langu liharibiwe."

"Mzee, kumfungia mtu ni kosa. Ukitaka nianze na lako, nitaanza na lako."

Stoo ilifunguliwa mara moja. Celestine akatoka macho mekundu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Mimi nikiiba nitaiba karatasi? Si ningeiba blanketi?" alisema. "Saa nne niliingia kupiga deki. Mfuko ulikuwa kwa kiti. Nikaushika hivi, nikapangusa, nikaurudisha. Halafu nikapaka ile rangi nyekundu ya kung'arisha, nikafunga mlango. Nikamuacha Jeff wa reception na funguo za spare. Mniulize mimi, Jeff msimuulize?"

"Rangi hukauka baada ya muda gani?"

"Na hii mvua? Masaa matatu. Ndio maana mama akipiga kelele nilimwambia akae kitandani, asikanyage kanyage."

Bhoke alitamani kumpa mwanamke huyu cheo. Sakafu ile ilikuwa imehifadhi kila kitu. Ndara za Filister zilitoka mlangoni hadi kitandani. Viatu vyenye soli ya mistari vilitoka mlangoni hadi kwenye kiti, vikageuka, vikarudi. Havikukaribia kitanda wala kabati. Aliyevivaa hakupekua chochote. Alijua anachofuata, au alielekezwa.

Halafu palikuwa na jozi ya tatu, ya buti za mpira zenye matope, nje kwenye korido. Hazikuvuka kizingiti. Mtu alikuwa amesimama pale kwa muda, visigino vikielekea mlangoni.

"Mlinzi wake," alisema Mochama, ambaye sasa alikuwa ameanza kuupenda upelelezi. "Mmoja anaingia, mwingine analinda."

Bhoke aliandika hivyo, ila haikumkaa sawa. Anayelinda hutazama ngazi, na ngazi zilikuwa upande wa kushoto. Huyu alitazama ukuta wa mbele, na ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mbolea tu.

* * *

Jeff wa mapokezi alikuwa kijana mwenye shati jeupe na nywele zilizochongwa vizuri. Kamera iliyokuwa juu ya kichwa chake ilikuwa haifanyi kazi tangu Krismasi. Bhoke hakumsalimia sana.

"Inua mguu."

"Eh?"

"Inua mguu nione soli."

Soli ilikuwa ya mistari, na katikati ya mistari palikuwa na rangi nyekundu. Jeff akautazama mguu wake kama umemsaliti.

"Madam, mimi nilitumwa na mwenye chumba!"

"Mwenye chumba ni huyu mama."

"Hapana. Mwenye chumba ni Fanuel." Akageuza daftari la wageni haraka. "Ona. Chumba fourteen, Fanuel Omanga, mtu mmoja, siku mbili. Alikuja kama saa tano, amevaa raincoat, kofia mpaka hapa, na mask. Akasema mimi ni Fanuel, akataja namba ya simu. Nikacheki, iko sawa. Nikachukua spare tukapanda. Kufika mlangoni akakataa kuingia. Akaniambia, 'Nitolee ule mfuko wa kitambaa.' Nikamtolea."

"Kitambulisho ulikiona?"

Jeff akarekebisha kola ya shati. "Kulikuwa na watu kwa laini."

"Hukushangaa mtu anakataa kuingia chumba chake?"

"Madam, wageni wako na mambo. Kuna mmoja alilala bafuni wiki nzima."

Filister, aliyekuwa amesimama nyuma na mwavuli wake, alipaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Ni Clifford! Ametuma mtu ajiite jina la mkwe wangu! Fanuel ni mume wa Marion. Yeye ndiye alilipa hiki chumba."

"Na mbona ukalala chumba cha jina lake, mama, na nyumba yake iko hapo Oruba tu?" aliuliza Mochama.

"Mimi ni *maro*, mama mkwe. Nitalalaje paa moja na mume wa mtoto wangu? Mnataka chira, laana ya mwiko, iingie kwa kile kichanga?"

Bhoke hakuhitaji kuelezwa. Kwao Kehancha, mkwe akimwona mama mkwe njiani huiacha njia. Mkwe mwenye adabu hamwachi mama wa mkewe alale nje, wala hamlazi kwake, anamtafutia chumba. Na anayelipa chumba ndiye anayeandikwa jina.

Kwa muda kidogo mambo yalionekana kunyooka, na Bhoke alijiachia akafurahi. Akamgeukia Mochama.

"Mzee, ulimpa mtu usiyemjua ufunguo wa mgeni."

Mochama akaonyesha tangazo lililobandikwa juu ya meza. Lilisema mali ya thamani ikabidhiwe mapokezi, na kwamba hoteli haitahusika na upotevu wowote.

"Tangazo halikuoshi," Bhoke alisema. "Linaweza kukusaidia mwizi akiruka dirisha. Mfanyakazi wako akifungua mlango kwa mkono wake bila kuangalia kitambulisho, huo ni uzembe wa hoteli."

"Na jana niliwapa hiyo karatasi waniwekee," Filister akaongeza. "Msichana wa jioni akasema wanaweka simu na laptop. Karatasi nikae nayo."

Bhoke aliandika sentensi hiyo akaipigia mstari. Mochama akakaa. Kipara kilikuwa kimelowa tena, na ungemhurumia kama hangekuwa ametoka kumfungia mtu stoo. Lakini mfanyabiashara hakosi neno. Macho yake yalitua kwenye daftari.

"Mtu mmoja," alisema polepole. "Imeandikwa mtu mmoja. Fanuel. Madam, mgeni wangu ni Fanuel. Huyu mama mimi simjui. Nitadaiwa aje na mtu ambaye si mgeni wangu?"

Celestine aliyekuwa akisikiliza ngazini aliacha kufuta.

"Basi Fanuel atakuja kuandikisha kwamba alimchukulia mama chumba, na kwamba hakukanyaga hapa leo," Bhoke alisema. "Akisema hivyo, una kesi ya kujibu, mzee. Mama, mpigie mkwe wako."

"Siwezi kumpigia. Nitampigia Marion amwambie."

* * *

Fanuel alifika saa tisa na nusu, kwa miguu, amevaa ndara. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, dereva asiye na gari tangu mwajiri wake auze lori. Filister alipomwona aligeukia upande mwingine na kujiinamia, naye Fanuel akapita mbali, macho chini, kama adabu inavyotaka. Bhoke alimpenda kwa hilo. Baadaye alijilaumu.

"Leo umekuja hapa?"

"Hapana, madam. Nililipa jana jioni nikaenda. Nilikuwa nyumbani asubuhi yote."

"Mama anasema ulitoka saa tatu."

"Nilienda kutafuta maziwa."

"Nani alijua mama yuko hapa na karatasi?"

"Sisi tu. Mimi na Marion."

Bhoke akaisoma tena taarifa yake. Clifford angewezaje kumtuma mtu kulitaja jina ambalo hakujua liko katika daftari? Angetafuta Filister Achieng, na hoteli nzima haikuwa na Filister Achieng. Tena mwizi wa kutumwa angechukua ufunguo, aingie, atoke. Kwa nini ampandishe Jeff ngazi, amfanye shahidi, ili tu yeye mwenyewe asivuke kizingiti?

"Twende juu unionyeshe chumba ulicholipia," alisema.

Walipanda. Fanuel alitembea vizuri hadi alipofika karibu na mlango wa kumi na nne, uliokuwa wazi, kitanda cha mama mkwe wake kikionekana. Hapo akageuka. Aliupa mlango mgongo, akasimama mikono nyuma, akaanza kuisoma kalenda ya duka la mbolea.

"Ingia basi," Bhoke alisema.

"Hapana, madam. Mimi siwezi. Ni pahali maro amelala."

"Chini, angalia chini."

Fanuel akatazama. Matope yalikuwa yamekauka, lakini alama zilikuwa bado zinasomeka, na ndara zake zilikuwa zimezifunika barabara, kisigino kwa kisigino.

"Ulisema leo hukuja hapa," Bhoke alisema. "Mbona umesimama juu ya nyayo zako?"

"Mkwe yeyote angesimama hivi."

"Kweli kabisa. Mama ana wakwe wangapi?"

Fanuel akarudisha macho kwenye kalenda. Mkwe alikuwa mmoja tu, na wote wawili walijua.

Kweli ilipotoka, ilitoka bila kuvutwa. Clifford alikuwa amemwahidi kazi, kuendesha pikapu ya samaki kati ya Muhuru Bay na Homa Bay. Miezi minane Fanuel hakuwa na kazi. Mtoto alikuwa anakuja, halafu alikuja. Saa tano na nusu leo alimpa Clifford mfuko kwenye kituo cha mafuta, na Clifford akaondoka kuelekea Homa Bay.

"Ameichoma?"

"Sijui. Aliiweka kwa dashboard. Madam, mimi sikuiba. Sikuingia kwa chumba chake. Sikugusa kitanda chake. Sijamkosea maro heshima, hata siku moja."

Alisema hivyo kwa moyo wote. Bhoke alitamani kumzaba kofi. Mtu huyu aliogopa chira kuliko Mungu, akapita kando ya kila mwiko bila kuugusa, kisha akamuuza mama wa mkewe pamoja na kaburi.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba sasa Mochama alikuwa ameshinda. Mgeni aliyeandikwa daftarini alikuwa amekuja, akaomba mzigo kutoka chumba chake, akapewa. Uzembe wa Jeff, tangazo, msichana wa jioni, vyote vilikuwa vimeyeyuka, na Bhoke ndiye aliyeviyeyusha kwa akili zake mwenyewe.

Alipiga simu kituo cha Homa Bay. Mwenzake alikwenda dukani kwa Clifford, akapiga baada ya nusu saa. Clifford amemkaribisha soda. Hajawahi kuona mfuko. Wakitaka kupekua, walete kibali cha hakimu.

* * *

Filister alisikiliza yote akiwa kwenye benchi la mapokezi. Bhoke hakuzunguka. Alipotaja jina la mkwe, mwanamke huyo alifumba macho, na yalikaa yamefumbwa muda mrefu.

"Ukiweka sahihi hapa kwamba unamlalamikia, naenda kwa hakimu sasa hivi," Bhoke alisema. "Nikipata kibali, wenzangu wa Homa Bay wataingia kwa Clifford kabla ya usiku. Pengine karatasi iko. Pengine ni jivu. Sitakudanganya, mama. Lakini ni nafasi."

"Na Fanuel?"

"Analala ndani leo. Kesho anasomewa mashtaka."

"Nisipoweka?"

"Bila mlalamikaji hakuna wizi. Kuna mtu alichukua mfuko kutoka chumba chake."

"Hawa wa hoteli siwezi kuwashtaki?"

"Unaweza. Mahakama ya madai madogo haihitaji hata wakili. Lakini watasema mgeni wao ni Fanuel, na Fanuel hawezi kukutetea bila kujifunga mwenyewe. Tuseme hata umeshinda. Watakulipa bei ya mfuko na leso."

Filister akafungua macho. Nje, ng'ambo ya barabara, Fanuel alikuwa amesimama chini ya paa la duka na askari mmoja, mvua ikimnyeshea mabega. Filister hakumtazama.

"Marion anajua?"

"Bado."

"Hana maziwa ya kutosha, huyo msichana. Akishtuka yatakauka yote." Akauweka mwavuli magotini. "Mtoto tulimpa jina Jumapili. Tumemwita Job."

Bhoke akaweka kalamu chini.

"Job wa Sori amelala," Filister aliendelea. "Hata wakimfukua hatajua ni nani. Huyu mwingine ataniuliza nani alimfunga baba yake."

"Atakuuliza pia shamba la babu lilienda wapi!" Bhoke alisema, na sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Mama, huyu mtu amekuuza. Atakuuza tena."

"Hilo la shamba nitamdanganya, nyathina, mwanangu. Hilo la baba yake, kijiji kizima kitamwambia."

Bhoke alingoja. Aliwahi kuona watu wakibadili nia wakipewa dakika tano, na alimpa kumi. Saa ya ukutani ilifika kumi na moja kasoro. Hakimu, kama alikuwa bado ofisini, alikuwa anafunga mkoba.

"Taarifa ina swali la mwisho," alisema hatimaye. "Inauliza kama unamshuku mtu yeyote."

"Andika hapana."

Bhoke akaandika hapana. Filister akaomba asomewe yote tangu mwanzo, akasikiliza kwa makini, akarekebisha rangi ya mfuko, kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, akihakikisha kila moja imekaa kwenye mstari. Akarudisha kalamu.

"Na kesho nisipoenda kortini?"

"Wataamua bila wewe."

"Nikienda?"

Bhoke akaikunja taarifa.

"Wataamua ukiwa umekaa hapo," alisema.

Filister akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Halafu akauliza kama milango ya mahakama hufunguliwa mapema, ili apate kiti cha mbele, kwa sababu masikio yake siku hizi hayasikii vizuri.